Mkebe wa Kunde

Ulikuwa mwaka ule tuliokula kimanga bila maharagwe. Mtu wa kwetu akisoma hapo ameshaelewa. Asiye wa kwetu nimweleze: kimanga ni mihogo au viazi vilivyopondwa pamoja na maharagwe mpaka mwiko usimame wenyewe ndani ya sufuria. Sasa toa maharagwe. Toa na viazi. Baki na muhogo mkavu ulioloweshwa, uponde, ule, unyamaze. Ndivyo tulivyokula Voi nzima, na huko Ndara ng'ombe walikuwa wanatafuna maboksi. Mvua ilikataa, ikarudi kukataa tena. Mbaazi hazikuja, pojo hazikuja, na kunde, ambazo hata manyunyu ya kubahatisha huzitoa, hazikuja. Mwaka huo ndio Mpishi alikosea, mara moja tu katika miaka yote niliyomjua. Kosa lenyewe nililiona kabla yake, nikafunga mdomo. Nitafika huko.

Namwita Mpishi kwa sababu kila mtu alimwita hivyo. Alipikia shule ya bweni huko mlimani mpaka mgongo ukakataa sufuria, akashuka kuja kukaa Voi, nyumba ya tatu kutoka kwangu. Jina lake la kanisani nililisikia mara moja, kwenye mazishi ya jirani, nikageuka kutazama ni nani anaitwa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mikono mipana kama sinia, na alitembea akiwa ameinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayepita chini ya mlango wa jiko la moshi.

Na hakujua kusoma. Hilo liwekwe mapema, kwa sababu mimi nilifika darasa la tatu, na kwa Mpishi nilikuwa karani.

Mambo yalianza kwa aibu yangu. Nina wajukuu, na wote ni wazuri, si kwa sababu mimi ndiye nasema, njoo uwatazame. Lakini siku zao za kuzaliwa zilikuwa zinanipita kama magari ya barabara kuu. Simu ninayo, binti yangu alininunulia, inajua mpaka mvua ya Nairobi, na bado napiga simu ya pongezi wiki mbili baadaye. Mjukuu wangu wa pili, mdomo ameurithi kwangu, aliniambia: "Nyanya, wewe unakumbuka siku tembo walikula mahindi, lakini siku yangu hukumbuki." Nikaenda kwa Mpishi. Mtaa mzima ulijua kwamba Mpishi hamsahau mtu, na kwamba watu walio mbali, Mwatate, Salaita, mpaka Mombasa, walikuwa wanapata kadi kutoka kwake kila mwaka. Nilitaka anifundishe.

Aliniingiza jikoni. Kwenye rafu kulikuwa na mikebe tisa ya mafuta ya kupikia, ile mikubwa ya shule, imesuguliwa kwa jivu mpaka unajiona uso. Kila mkebe na chakula chake. Wa mahindi mabichi, wa kunde, wa pojo, wa mbaazi, wa viazi vitamu, wa maboga, wa maembe, wa machungwa, na wa mwisho wa mihogo.

"Mbona tisa?" nikamwuliza. "Miezi ni kumi na miwili."

Akanitazama kama nimempa kijiko kichafu. "Miezi ya nani? Mimi napika. Chakula kinaingia mara tisa."

Ndani ya kila mkebe mlikuwa na kamba za katani, nyembamba, kila kamba mtu mmoja. Mafundo kwenye kamba ndiyo siku. Mafundo sita, basi mtu huyo alizaliwa siku ya sita tangu chakula hicho kuingia sokoni. Mwisho wa kamba amefunga kitu cha huyo mtu: kifungo, kipande cha yunifomu, unyoya wa kuku, jino la kitana. Chakula kipya kikionekana sokoni Voi, hata fungu moja kwenye gunia la mama mmoja, Mpishi anarudi nyumbani, anateremsha mkebe wake, anamwaga kamba mezani na kuzipanga kuanzia fundo moja kwenda juu. Tangu hapo, kila asubuhi anajua ni zamu ya nani. Hajui kusoma, nasema. Anashika kipande cha yunifomu kwa vidole viwili, anasema, "Huyu wa Mwatate, alichukia kabeji. Sasa ana mapacha." Na kweli ana mapacha.

Nilisimama pale nikajiona mdogo. Nimewaona watu wenye ofisi na makabati ya chuma, unawauliza faili yako wanakwambia urudi Jumatatu.

"Haya, kaa," akasema. "Wa kwanza aliingia na nini?"

"Aliingia wapi?"

"Duniani. Ulikuwa umepika nini?"

Hakuniuliza tarehe hata moja. Nilikaa kwenye kigoda chake nikidhani sikumbuki kitu, na kufika saa ya chai nilikuwa nimekumbuka wote. Yule wa pili mwenye mdomo alizaliwa siku niliyokuwa nakaanga maboga, yakaungua kwa sababu nilikimbia hospitalini na mwiko mkononi. Mwiko! Nesi akanicheka. Miaka yote hiyo sikuwa nimelikumbuka jambo hilo, na Mpishi alilitoa kwangu kwa swali moja, kama unavyotoa mwiba.

Kadi zenyewe hazikuwa za dukani. Alikata pakiti za unga, akazikunja upande mtupu ukae nje. Mbele alichora mwiko kwa mkaa, kijiti na kichwa bapa, hiyo ndiyo sahihi yake. Kwenye pembe alishona kwa uzi mbegu tatu za mkebe wa mtu huyo. Kama ni mkebe wa maembe au machungwa, aliweka ganda lililokaushwa. Ndani niliandika mimi, yeye akisema. Nilijaribu kupendezesha.

"Umeandika nini hapo pa kwanza?"

"Mpendwa."

"Futa. Atafikiri naomba kitu."

Maneno yake yalikuwa mafupi na ya mtu mmoja tu. Mwambie, ulikuwa unaficha ukoko mfukoni, nilikuona. Mwambie, nakukumbuka na mafua yako. Mwambie, umezaliwa. Basi. Kila kadi iliisha hivyo, umezaliwa, na mimi mwanzoni niliona ni maneno ya mtu asiyejua kuandika barua. Halafu siku moja nilimwona mwalimu mmoja mstaafu, mtu mzima mwenye mvi, ameitoa kadi yake mfukoni sokoni, anaisoma amesimama katikati ya nyanya, na machozi yanamtoka.

Posta aliiheshimu, lakini alisema sanduku la posta halijui kama mtu amehama. Kadi zake zilisafiri na ndizi. Wanawake wanaoleta ndizi kutoka Taveta walirudi na kadi chini ya kanga zao, na za Ndara zilikwenda na muuza maziwa. Haikupotea hata moja. Wale wanawake, ambao wakikupunja ndizi mbili wanakutazama machoni, walimwogopa Mpishi.

Tarehe za serikali hakuzitambua. Kalenda ya ukutani alikuwa nayo, ya duka la dawa za mifugo, aliipenda kwa picha ya ng'ombe. Kijana mmoja wa ofisi za kaunti alikuja kumshukuru, shati limepigwa pasi.

"Mpishi, asante sana kwa kadi. Ila bathdei yangu ilikuwa Alhamisi iliyopita."

"Alhamisi iliyopita mbaazi zilikuwa sokoni?"

"Sijui, sikuangalia."

"Hazikuwa. Sasa wewe ungezaliwa vipi?"

Kijana alicheka mpaka akakalia ndoo. Siku hizi anafanya sherehe mbili.

Ilivyoanza aliniambia mara moja tu, akichambua mchele. Kulikuwa na msichana wa bweni aliyekuwa analia kwenye foleni ya uji. Akamwuliza, umepigwa? Hapana. Unaumwa? Hapana. Leo nimezaliwa na hakuna anayejua. Mpishi akampa ukoko wote wa sufuria ile, sahani nzima, watoto wengine wakitazama. Kesho yake foleni yote ilikuwa imezaliwa. "Waongo hao," akasema. "Nikaona lazima nijue wa kweli." Akawatuma kila mmoja akamwulize mama yake shambani kulikuwa na nini siku ile. Ndiyo mikebe hiyo.

Usidhani alikuwa malaika. Mwanamke aliyepikia shule nzima aliunguza chai yake mwenyewe. Chai! Alivaa ndala mbili zisizojuana. Mchungaji alimwuliza ameonaje mahubiri, akamwambia yalitoka kabla ya kuiva. Keki aliichukia, akaiita mkate uliojipaka poda. Ukimshukuru alikasirika, ukimkumbatia alikauka kama ubao wa kufulia. Siku zote za watu alizijua, na ya kwake hakuwa nayo. Nilimwuliza, kamba yako iko mkebe gani?

"Mama yangu aliniambia nilipozaliwa hapakuwa na kitu. Shambani hakuna, sokoni hakuna. Sasa nikae mkebe gani?"

Alisema hivyo huku akifunga kamba ya mtoto wa mtu mwingine. 

Sasa niseme langu.

Mtaa mzima huniita Mama Mwakio. Mwakio ni kifunguamimba wangu, na kwa miaka minne mtoto huyo ambaye watu wananiita kwa jina lake hakunipigia simu. Kosa lilikuwa langu, ingawa wakati ule nisingelisema hata ukinichoma. Tembo walimaliza shamba letu la upande wa Ndara msimu baada ya msimu, akachoka, akasema anahamia Chala, upande wa Taveta, kwao mke wake, ambako kuna maji ya mfereji. Siku ya kuagana wakwe walikuja. Nilisimama mbele yao wote nikasema: "Wakwe zangu, mtoto ndiye huyo. Msisahau kumwogesha." Watu walicheka mpaka vikombe vikamwagika. Mwakio hakucheka. Aliondoka, na mtoto wake alipozaliwa nilipata habari kwa wauza ndizi, kama mtu anayeulizia mzigo.

Alikuwa amesoma kwa Mpishi, mlimani. Kamba yake ilikuwa mkebe wa kunde, fundo moja, gololi ya bluu mwishoni. Fundo moja kwa sababu nilimzaa siku nilipochuma kunde za kwanza. Uchungu ulinishika mfuko bado haujajaa. Mwaka wa kwanza nilipokuwa karani tulimwaga mkebe huo, nikaiona ile gololi.

"Huyu mtoe," nikasema.

"Simtoi. Ajibu asijibu, alizaliwa."

"Basi mimi siandiki."

"Usiandike."

Akakunja pakiti yake, akachora mwiko, akashona kunde tatu, akaituma tupu. Hakuna neno ndani. Mwaka uliofuata nikasema tena, mtoe huyo, hata asante hajatuma. Akasema yale yale, kwa sauti ile ile, bila kuinua kichwa: "Simtoi. Ajibu asijibu, alizaliwa." Na mwaka uliofuata tena. Nilichukia, lakini nilianza kuyangoja hayo maneno. Nilikuwa nasema mtoe ili nisikie anakataa.

Ndipo ukaja mwaka wa kimanga bila maharagwe.

Mikebe mingine ilifunguka kwa shida. Fungu moja la maboga kutoka mlimani lilitosha. Lakini kunde hazikuonekana. Mpishi alikwenda sokoni kila asubuhi na ndala zake zisizojuana. "Kunde?" "Bado, Mpishi." Anarudi. Mkebe ukabaki umefungwa, na waliomo ndani wakapitwa mmoja mmoja bila yeye kujua. Mimi nilijua. Nilikuwa natazama ile kalenda ya ng'ombe. Siku ya Mwakio ilipita mbele ya macho yangu nikiwa nimekaa kwenye kigoda chake, kalamu mkononi. Ningesema, Mpishi, kunde hazitakuja, fungua tu. Sikusema. Nilitaka Mwakio aonje kukaa bila kukumbukwa. Nina wajukuu wawili mkebe huo huo, hao niliwanunulia soda kimyakimya ili roho isinisute. Uovu wangu huo, nauandika kwa mkono wangu.

Yapata miezi miwili baadaye, lori la ndizi lilisimama barabarani asubuhi. Akashuka mwanamume na gunia begani, mtoto wa kike ameshika suruali yake. Nilikuwa napepeta, nikamjua kwa mwendo kabla ya uso. Akapita lango langu. Akapita! Akaenda nyumba ya tatu. Nikamfuata na ungo mkononi.

Alisimama mlangoni pa jiko. "Hodi. Mpishi yuko hai?"

Mpishi alikuwa anasugua mkebe. "Ulitaka niwe maiti ndiyo uje kunisalimu?"

"Kadi haikuja," Mwakio akasema, sauti imemkauka. "Nikajua basi, umekufa na hakuna aliyeniambia. Nimekuja kuzika." Akashusha gunia. "Hizi ni za matanga yako."

Kwetu huendi kwenye matanga mikono mitupu. Unapeleka cha kupikia waliofiwa. Mpishi akafungua gunia. Kunde. Mbichi, ndani ya maganda yake, zimejaa mpaka mdomoni.

"Umezipata wapi mwaka huu?"

"Ni zako. Zile tatu tatu ulizokuwa unatuma. Nilizipanda kando ya mfereji, nikapanda tena walizozaa."

Mpishi akavunja ganda moja, akanusa. Hakusema pole, hakusema asante kwa kuja kunizika. "Kunde zimeingia," akasema. Akapanda kigoda, akateremsha mkebe, akamwaga kamba mezani. Gololi ya bluu ikabingirika mbele ya nyingine zote. Akahesabu kwa kidole, ingawa cha kuhesabu kilikuwa kimoja.

"Fundo moja. Ni leo."

Akakunja pakiti, akachora mwiko, akashona mbegu. Halafu akaisukuma kwangu mezani pamoja na kalamu. Hapo ndipo Mwakio alipogeuka akaniona, mama yake, ungo kifuani kama ngao. Darasa la tatu lote lilinikimbia. Nikaandika: *Umezaliwa. Nilikuwepo.*

Alisoma, akasoma tena. Akaikunja akaiweka mfukoni.

"Mama, bado una mdomo mbaya?"

"Ninao."

"Haya. Msalimie mjukuu wako, bado hajausikia."

Mtoto ana paji langu la uso. Kila mtu husema. Mpishi akainama mpaka uso wake ukawa sawa na wake. "Na huyu aliingia na nini?"

"Vitunguu," Mwakio akasema. "Chala nzima ilikuwa inanuka vitunguu."

"Vitunguu sina." Akatafuta chini ya meza, akatoa mkebe mtupu wenye kutu, akaanza kuusugua kwa jivu. Mikebe ikawa kumi kwa ajili ya mtoto mmoja wa Chala, na nikamtazama mwanamke yule anasugua, nikasema moyoni, mimi nimeketi karibu na kitu kikubwa na nilikuwa nakiona ni jiko tu.

Jambo moja nilifanya siku hiyo akiwa anaunguza chai ya wageni. Nilichukua katani, nikafunga fundo moja, na mwishoni nikafunga kipande cha mwiko wake uliovunjika. Hakuwahi kuwa na chakula cha kuzaliwa nacho, basi niliamua aingie na kunde zilizoletwa kwenye matanga yake. Nikaiingiza mkebeni nikafunga kifuniko. Hakuona. Tangu hapo, mkebe huo ukifunguliwa, mimi ndiye nilikuwa namwaga kamba, na ya kwake niliificha kiganjani mpaka tumalize.

Mwaka huu mvua imenyesha kama inavyotakiwa. Tunakula mpaka tunalalamika. Kimanga kina maharagwe, kina viazi, mwiko unasimama. Lakini Mpishi hasimami. Yuko kitandani kwake, mpwa wake ndiye anamwogesha, na kichwa kimeanza kumwacha. Mara ananiita jina la mama yake. Mara ananiuliza kama watoto wamepewa uji. Kadi naandika mimi, nachora mwiko mimi, na hautoki kama wake.

Juzi kunde zimeingia. Nikachukua mkebe nikampelekea kitandani, nikammwagia kamba juu ya shuka, nikasahau kuificha ile moja. Vidole bado vinakumbuka. Alizipanga. Alishika gololi akacheka kidogo, "Mwenye gunia." Alishika unyoya, akashika kifungo, hao hakuwataja, akawaweka tu mahali pao. Halafu akashika kipande cha mwiko. Akakigeuza. Akakipeleka puani, akakigeuza tena, muda mrefu mpaka mpwa wake akachungulia mlangoni.

"Huyu ni nani?"

Ningemwambia. Lakini nilitaka kusikia.

"Simjui, Mpishi," nikasema. "Hajajibu kadi hata siku moja. Tumtoe?"

Akafumba kiganja juu ya ile kamba, mkono mpana kama sinia, akanitazama kama nimempa kijiko kichafu.

"Simtoi. Ajibu asijibu, alizaliwa."